Jua la Sarvaux

Jumapili, tarehe 22 Juni, saa kumi na dakika kumi alasiri, Kasoki alifungua lango akitoka kanisani na kumkuta baba mkwe wake amelala kifudifudi juu ya kijiji.

Juu ya kijiji, ndiyo, si utani. Mzee Séverin, mpima ardhi mstaafu wa migodini, mwenye miaka sabini na minane, alikuwa amejenga kijiji kizima cha Kifaransa uani kwake, katika barabara ya udongo iliyo nyuma ya mtaa wa Golf, Lubumbashi. Kilikaa chini ya paa la bati: nyumba themanini na tatu zisizofika magotini mwa mtu, kanisa la jiwe, mto wenye maji ya kweli, daraja, na nyuma ya kanisa, makaburi. Kifua cha mzee kilikuwa katika mashamba ya mizabibu na kichwa chake kwenye ngazi za kanisa. Damu ilikuwa imeingia mtoni na kuganda. Katika makaburi, kati ya misalaba midogo ya waya wa shaba iliyokwisha kufifia, ulisimama mmoja mpya unaong'aa. Kibao chake kilikuwa na jina moja: Séverin.

Kasoki akapiga ukelele. Majirani wakaja mbio, na walipouona ule msalaba hawakumwuliza amekuta nini. Walimwuliza amefanya nini. Alikuwa mgeni, mfanyabiashara kutoka Kivu Kaskazini. Mumewe Sylvain alikufa miaka mitatu iliyopita, na sasa amekufa baba wa mumewe. Watu wakajumlisha hesabu yao: mchawi. Walimburuta barabarani, na mtu mmoja alikuwa amekwisha kuleta petroli ndani ya chupa ya soda wakati gari la polisi lilipofika.

Aliyeshuka garini ni Inspekta Constance, mwanamke mnene wa miaka hamsini na miwili, binti wa dereva wa treni kutoka Kongolo. Hakuwa mtu wa kupaza sauti. Alimfunika Kasoki kwa koti lake, akampeleka kituoni na kumfungia.

"Sikukufunga," alimwambia. "Nimekuficha."

Maficho yenyewe yalikuwa na mwisho. Mkubwa wake wa kazi alimpa hadi Jumatano, siku ya mazishi. Baada ya hapo faili lingekwenda kwa mwendesha mashtaka likiwa na jina la Kasoki. Na kama angemwachia bila kuwapa watu jina lingine, ile chupa ya petroli ilikuwa bado inangoja. Constance alijua hivyo, na usiku ule hakupata usingizi.

Jumatatu, saa mbili asubuhi, alimkalisha Kasoki mbele yake.

"Kanisa ilitoka saa ngapi?"

"Saa tisa na nusu, mama. Bamama ya chorale tulitembea nabo mpaka ku carrefour, ku njia panda. Kutoka pale nilikuwa peke yangu."

"Ule musalaba, njo weye uliuweka?"

"Miye? Mule sikanyagaka, mama! Papa mwenyewe alinikatalia. Alisemaka: 'Kasoki, ule ni muji ya bantu bazee, bana usingizi mwepesi.'"

Constance aliacha kuandika kidogo. Maneno yale hayakumfurahisha.

"Alikuwa na ugomvi na nani?"

"Na jirani, Papa Chishimba. Mwezi ya ine alisema atavunja ile bintu yote na nyundo." Kasoki akainamisha kichwa. "Na tangu mwezi ya pili, papa alikuwa ananiangalia sana, kama muntu mwenye anatafuta neno. Ilikuwa ju ya ile mabarua ya kule Ulaya. Hakunifukuza, lakini. Hata siku moja hakunifukuza."

Saa nne Constance alikuwa uani kwa marehemu, peke yake. Alikuwa ameona maiti nyingi katika kazi yake, lakini kijiji kile kilimtia baridi kuliko maiti yoyote. Zaidi ya nyumba sabini zilikuwa zimepakwa rangi nyeusi madirishani. Tisa tu zilibaki na madirisha ya manjano. Maji yalikuwa bado yanapita chini ya daraja kwa sauti ndogo, hakuna aliyethubutu kuyafunga.

Halafu akaviona vivuli. Nje ya paa, kivuli chake mwenyewe kilielekea kusini, kama vivuli vyote vya Lubumbashi asubuhi ya Juni. Ndani ya kijiji, vivuli vya nyumba na vya misalaba vilielekea kaskazini. Kijiji kilikuwa na jua lake, na jua hilo lilikwenda kinyume na la Mungu. Hilo ndilo walilolisema majirani miaka mingi, na Constance alikuwa akiwacheka.

Akajilazimisha kutafuta, akaliona: taa ya betri iliyoning'inia upande wa kusini kwenye waya uliopindwa kama upinde. Waya ulikuwa na mafundo matatu, kila moja na kibao chake: asubuhi, mchana, alasiri. Taa ilikuwa kwenye fundo la kati. Katika picha aliyoipiga polisi jana saa kumi na moja, ilikuwa palepale.

Chumbani kwa mzee alikuta daftari nene. Ukurasa wa kwanza ulieleza kila kitu kwa mwandiko wa mpima ardhi, herufi zimesimama wima. Mwaka 1971 kampuni ilimtuma Ufaransa kujifunza kazi, naye akaishi miaka miwili katika kijiji cha Sarvaux, kwa wazazi wa msichana aitwaye Odile. Alikipima kijiji kwa raha yake, nyumba kwa nyumba. Watawa walikianzisha kwa ajili ya chemchemi yake. Mwaka 1900 kilikuwa na watu mia sita na arobaini, na viwanda viwili vya sufu. Vita vya 1914 vilichukua vijana thelathini na wanane, na majina yao yamechongwa mbele ya kanisa. Viwanda vikafungwa, kisha duka la mikate, kisha shule. Tangu Séverin aliporudi Katanga, Odile alimwandikia kila mwezi habari za wanaobaki. Akisema fulani amekufa, Séverin aliongeza msalaba. Nyumba ikihamwa, aliyapaka madirisha yake rangi nyeusi. Alikuwa ameusindikiza mji wa watu wengine kuzimu, taratibu, kwa brashi ndogo, akiwa Katanga.

Mahali fulani katikati Constance alisoma: "Nyumba ya Odile. Jiko lina dirisha moja tu, linatazama kaskazini, kwenye mto. Ndani giza na baridi. Siagi haiyeyuki hata Julai."

Alipokuwa akitoka, Chishimba alimwita juu ya ukuta. Alikuwa mchuuzi wa samaki, mwembamba, macho mekundu.

"Mama inspekta, banasema unanitafuta. Miye nilikuwa Kasenga kutoka Ijumaa. Uliza chauffeur, uliza bale ba ku pirogue. Nilirudia jana saa mbili ya mangaribi, na samaki yangu."

"Lakini ulisema utavunja."

"Nilisema! Muke yangu alikufa mwezi ya ine. Siku mbili mbele ya kufa, ule muzee aliweka musalaba. Weye ungesema nini?" Akapangusa uso. "Pale ku kilio, alikuja, akanionyesha barua: musalaba ilikuwa ya boulanger, muzee mwenye alikuwaka anapika mikate kule. Nikanyamaza. Lakini bantu habakunyamaza."

"Ile lampe, alikuwa anaikokota saa ngapi?"

Chishimba karibu acheke. "Saa kumi na mbili, saa sita, saa tisa. Saa tisa kamili, mama! Mvua, homa, kilio, anaikokota tu. Miye nilikuwaka narekebisha saa yangu kwa muzee."

Wavuvi wa Kasenga na dereva walithibitisha kila neno. Chishimba akatoka kwenye orodha, na orodha ikabaki na jina moja, lile ambalo Constance hakulitaka.

Jumatatu hiyohiyo, saa tisa, alimhoji Donat, mpwa wa marehemu, mtoto wa dada yake. Donat alikuwa katekista wa miaka hamsini, suruali imepigwa pasi, sauti tamu. Parokiani hakuna harusi wala mazishi yaliyopita bila hotuba yake. Ndiye aliyekuwa akimletea mjomba wake barua za Ulaya.

"Mbele zilipitaka ku posta," alisema. "Lakini Odile amezeeka, mikono inatetemeka. Sasa anaandikisha ku ordinateur, anatuma kwa muntu. Ule muntu anashuka na avion ku Luano, ananipigia téléphone, naenda kukamata. Iko sasa miaka saba."

"Na jana?"

"Nilipita saa kumi. Sikuingia, nilichungulia ku lango. Tonton alikuwa anaikala ku kiti yake, muzima kabisa. Na ule mwanamuke alisimama nyuma yake. Alikuwa ananyamaza tu." Donat akajisugua mikono. "Mama, nilisikia baridi ku mifupa. Nikaenda zangu. Sasa najuta."

"Utasema ile mbele ya juge?"

"Hata mbele ya Mungu."

Akatoa mfukoni barua ya mwisho, ya tarehe 12 Juni. Alisema aliiokota mezani kwa mjomba jana, kwenye vurugu za watu. Constance aliisoma usiku, mwenyewe. "Mpendwa Séverin," iliandikwa, "nakuandikia jikoni, saa sita mchana, jua limeingia dirishani mpaka kwenye meza yangu. Hapa Sarvaux tulikuwa na mwanamke aliyeolewa kutoka mbali. Popote alipolala, makaburi yaliongezeka. Tulichelewa kumfukuza. Wewe usichelewe." Barua nne zilizotangulia, alizozikuta chumbani kwa mzee, zilikuwa na onyo lilelile, kila moja kwa ukali zaidi. Mwanamke wa Ulaya asiyemjua Kasoki alikuwa anamwona toka ng'ambo ya dunia.

Chini ya ile sentensi ya jua palikuwa na mstari wa kalamu nyekundu. Kwa nini mzee, katika barua yenye maneno ya kutisha namna ile, alipigia mstari habari za jua?

Jumanne, Constance alikwenda kwa Donat kumsainisha maelezo yake. Alifika saa sita na robo. Donat alimkaribisha jikoni, mahali pake pa kuandikia: meza, kompyuta, mashine ndogo ya kuchapa. Constance alimwekea karatasi mbele, Donat akasaini, kisha akaenda kumletea maji.

Constance aliinamia ile karatasi kusaini na yeye, na mkono wake ukawa kwenye mwanga. Jua la saa sita lilikuwa limeingia dirishani na kulala juu ya meza, jeupe, la uvuguvugu. Akaangalia dirisha. Lilitazama kaskazini.

Alikunywa maji yote, akashukuru, akatoka bila haraka. Kituoni alitafuta namba ya simu ya ofisi ya meya wa Sarvaux, akapiga. Mwanamke mmoja akaitika, na mazungumzo yao ya Kifaransa hayakuchukua dakika sita.

Jumatano, saa tatu asubuhi, ukoo wote ulikuwa uani kwenye kilio. Jeneza lilikuwa sebuleni, viti vya plastiki vimepangwa hadi langoni, ila hakuna aliyekaa karibu na lile paa la bati. Constance aliingia na polisi wawili, akamwendea Papa Kunda, mdogo wa marehemu na mkubwa wa ukoo, akainama kumpa pole.

"Papa, mbele ya kuzika, naomba kusema."

"Sema, mama. Lakini ule mwanamuke asiingie hapa."

"Iko ku kasho, amefungiwa ku polisi. Bon. Papa, munasema hii muji ni bulozi, ni buchawi, ju bivuli bina kwenda kinyume. Leo saa sita, jua itakuwa upande gani?"

Mzee alishangaa. "Mwezi hii? Upande ya Likasi."

"Njo vile. Kwetu inapita kaskazini. Kule Ulaya, saa sita, inapitaka upande ingine, upande ya Kasumbalesa, kusini. Siku zote. Muzee alikuwa géomètre, alitundika jua mahali yake. Hakuna bulozi. Ni géographie tu, ile banafundishaka ku masomo."

Watu wakatazamana. Mmoja akajitia kucheka.

"Sasa ile jua ilisimama ku fundo ya mchana. Jumapili saa tisa muzee hakuikokota, na jirani atawaambia kama hakuwahi kukosa. Saa tisa alikuwa amekwisha kufa, na Kasoki alikuwa angali ku kanisa. Papa Donat, weye uliniambia saa kumi ulimuona muzima ku kiti, na Kasoki nyuma yake. Ulisaini."

Donat alisimama mlangoni mwa sebule, karibu na jeneza, kitabu cha nyimbo mkononi. "Pengine nilikosa saa."

"Pengine. Tusome barua basi." Akaifungua. "Odile anaandika, jua ya saa sita inaingia ku jiko yake. Na jiko ya Odile iko na dirisha moja, ya kaskazini. Muzee alilala mule miaka mbili, aliandika: giza, baridi, siagi haiyeyuki. Kule, jua ya saa sita haiwezi kuingia kwa dirisha ya kaskazini, hata siku moja. Muntu mwenye aliandika hii barua hajafika Ulaya. Aliandika jua ya kwake, yenye alikuwa anaona ku meza. Jana nilikaa ku ile meza, Papa Donat. Nilisaini pale."

Uani maji ya kile kijiji yakasikika.

"Odile alikufa miaka saba iliyopita, mwezi ya pili," Constance aliendelea. "Niliuliza ku Sarvaux. Banasema balituma barua ya kilio ku boîte postale ya muzee. Nani alikuwa na ufunguo?"

Njia ya mwongo ni fupi, na Donat alikuwa amefika mwisho wa yake. Alikaa chini, polepole, kama mtu aliyechoka safari.

"Ilikuwa huruma," alisema. "Ule mwaka tantine, muke yake, alikuwa amekufa tu, tonton hakuwa anakula. Ile barua ya kilio nilisema, nitampatia kesho. Kesho nikaandika ingine, ya Odile. Akaisoma, akakula." Akainua macho. "Papa Kunda, unajua miye. Tangu mutoto, tonton hakunisikiliza. Nikisema, anaangalia saa. Lakini Odile akisema! Odile alisema anywe dawa, alikunywa. Odile alisema apatane na weye, alipatana. Ilikuwa miye! Miaka saba, kila neno yenye alisikia, ilikuwa yangu."

"Na Kasoki?" Constance aliuliza.

"Alitaka kumuachia parcelle hii, nyumba na kiwanja, yeye na mutoto wake Princesse. Hii nyumba mama yangu alilelewa mule. Nikasema, Odile atamukataza."

"Na Jumapili?"

Donat aliweka kitabu cha nyimbo chini. Aliposema, sauti yake tamu ilikuwa imekauka.

"Aliniita saa saba. Akanionyesha mustari mwekundu. Nikajua ananifukuza. Hapana. Alicheka. Alicheka pole pole, akasema: 'Donat, nilijua tangu barua ya kwanza. Mule pia uliweka jua ku jiko. Nilikuwa naijibu ju unaandika muzuri. Andika yote yenye unataka na mukono ya Odile, lakini Kasoki umuache.'" Akawageukia wazee. "Mabarua yake ya kujibu, alikuwa anafikiri nani anaisoma? Alikuwa anajua! Yote alikuwa ananiandikia miye. 'Mupendwa wangu,' alikuwaka anaandika. Miaka saba. Miye nikifikiri namudanganya, kumbe njo miye nilikuwa mutoto. Haya ilinipanda ku kichwa. Nilimusukuma tu. Nilitaka tu aache kucheka."

"Na musalaba?"

"Nilikata waya ku boîte yake ya bifaa. Nikajua bantu batafikiri nini. Na barua nilikuletea ju ya ile maonyo; ule mustari, nilifikiri hakuna mwenye atauelewa."

Mama mmoja wa ukoo alianza kulia kwa sauti, na safari hii haikuwa kwa ajili ya yule aliyelala ndani ya jeneza peke yake. Papa Kunda hakulia. Alimtazama mtoto wa dada yake akitiwa pingu, kisha akaomba ufunguo wa gari.

Saa nne na nusu, wazee wanne wa ukoo walisimama mbele ya Kasoki kituoni, kofia mikononi. Papa Kunda alimwomba msamaha, kisha akarudia mara ya pili. Alimwambia gari liko nje, jeneza linamngoja.

Kasoki alimrudishia Constance koti lake. Alikuwa na mchubuko shavuni na kiatu kimoja.

"Balinitoa ku nyumba na miguu," alisema. "Bantu bote baliona. Munirudishe vile vile."

"Mukwe, ni mbali. Tutachelewa kuzika."

"Basi tuchelewe."

Papa Kunda alitazama wenzake, kisha akavua viatu vyake, akavishika mkononi, akatangulia. Constance aliwafuata nyuma, gari la polisi likija taratibu. Kwenye kila lango la barabara ya kwa marehemu mzee alisimama na kubisha, na watu walipotoka alisema maneno yaleyale: "Huyu ni mukwe wetu. Tulimuonea. Mumuangalie." Kwenye lango la saba alitoka mwanamume aliyeleta petroli. Papa Kunda aliyasema maneno yake yote bila kuruka hata moja, Kasoki akiwa kando yake, mpaka yule mwanamume akainamisha kichwa.

Yalikuwa malango arobaini na moja. Walizika saa tisa.